Ndoo Moja ya Maji Salama Ni Shilingi Ngapi?

Muulize mama mwenye nyumba yeyote wa Dar es Salaam anafanya nini na maji ya kunywa, wengi watakujibu kwa neno moja: "Nachemsha." Muulize kuchemsha huko kunamgharimu kiasi gani kwa mwezi, atanyamaza. Bei ya mkaa anaijua. Bei ya gesi anaijua. Hata bei ya ndoo ya maji ya kununua anaijua. Lakini gharama ya kuyafanya maji hayo yanyweke haijawahi kuandikwa kwenye daftari la matumizi, kwa sababu imejificha ndani ya mkaa wa ugali na gesi ya chai.

Makala haya yanaitoa mafichoni. Tutalinganisha njia nne zinazopatikana kwa mtu wa kawaida: kuchemsha, dawa ya klorini, chujio la udongo na mwanga wa jua. Zote zimepita mikononi mwa mashirika ya misaada kwa miaka mingi, na baadhi zilijaribiwa hapahapa Afrika Mashariki, kwenye vijiji vya Busia, Kajiado na Homa Bay, Kenya. Kwa hiyo mnunuzi wa leo ana bahati moja: majaribio yameshafanyika, tena kwa fedha za wengine. Kazi yetu ni kusoma majibu.

Tunapimaje

Tuchukue kaya ya watu watano. Kila mmoja tumpe lita 2 za kunywa kwa siku. Jumla lita 10 kwa siku, lita 300 kwa mwezi. Bei nitakazotumia ni za mfano, ili hesabu ionekane: mkaa shilingi 1,200 kwa kilo, gesi ya mtungi wa kilo 6 shilingi 24,000, umeme shilingi 350 kwa yuniti. Bei za kwenu zikiwa tofauti, futa zangu uweke zako. Kanuni ni ileile.

Kwa kila njia tunauliza mambo manne. Unalipa nini siku ya kwanza? Unalipa nini kila mwezi? Inakula muda gani? Na swali ambalo wauzaji hawalipendi: kikiharibika au kikiisha, utakipata wapi kingine?

Spana moja ya Kwale

Swali hilo la nne lina wenyewe. Mwaka 1966 mchumi E. F. Schumacher, Mjerumani aliyehamia Uingereza, alishirikiana na wenzake kuanzisha London shirika la Intermediate Technology Development Group. Alieleza hoja yake kwa mfano wa fedha. Nchi maskini zina vifaa vya pauni 1, misaada inaziletea vifaa vya pauni 1,000, na kifaa cha pauni 100, ambacho mtu anaweza kukimudu na kukitengeneza mwenyewe, hakuna anayekifikiria. Kitabu chake, Small Is Beautiful, kilitoka mwaka 1973. Mwaka huohuo Tanzania ilianzisha SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo.

Ukitaka kuona hoja hiyo ikifanya kazi, nenda Kwale, pwani ya kusini ya Kenya. Katika miaka ya 1980 pampu za mkono zilijaribiwa huko chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa na Benki ya Dunia. Tatizo la pampu za zamani lilikuwa linajulikana. Kipuri kidogo cha mpira kikichakaa, kijiji kizima kinasubiri gari la idara ya maji litoke mjini, na wakati mwingine gari halitoki. Pampu iliyotokana na kazi ya Malawi na Kwale, Afridev, ilibuniwa ili sehemu zinazochakaa zibadilishwe na wanakijiji wenyewe kwa spana moja. Vikundi vya wanawake vilifundishwa kuifungua na kuifunga. Michoro yake haikufungiwa na kampuni yoyote, hivyo kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza.

Sasa ilinganishe na PlayPump ya Afrika Kusini: bembea la mzunguko ambalo watoto wakilisukuma wakicheza, linavuta maji kisimani na kuyapandisha tangini. Mwaka 2006 serikali ya Marekani na wafadhili binafsi walitangaza dola milioni 16.4 kuisaidia, na lengo likawa pampu 4,000 ifikapo 2010. Bei ya moja ilikuwa karibu dola 14,000, mara kadhaa ya bei ya pampu ya mkono. Mwaka 2009 gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili pampu moja ifikishe maji kwa idadi ya watu iliyotangazwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kila siku. Watoto walipochoka au walipokuwa darasani, kina mama ndio waliobaki wakilisukuma bembea.

Kati ya vifaa hivyo viwili, kilichopendeza zaidi kwenye picha ni kile kilichokosa fundi kijijini. Shika kipimo hicho. Tutakihitaji kwenye ndoo ya jikoni.

Njia ya kwanza: kuchemsha

Kuchemsha hakuna mpinzani kwa uhakika. Maji yakifikia kutokota kwa nguvu kwa dakika moja, bakteria, virusi na vimelea vyote vinavyoletwa na maji vimekufa. Ukiishi juu ya mita 2,000, ambako maji hutokota kabla ya kufika nyuzi 100, fanya dakika tatu. Maji yakiwa na tope hayapungui kuwa salama, ila hayapendezi.

Gharama yake inapimika. Lita moja ya maji ya kawaida kuifikisha kwenye mtokoto inahitaji karibu joto lilelile popote. Tofauti inatokana na jiko. Jiko la mkaa la bati tupu hupoteza sehemu kubwa ya joto hewani, na kwa lita 10 litakula kama nusu kilo ya mkaa. Jiko lenye kikombe cha udongo ndani litakula kama gramu 350. Gesi itatumia takriban gramu 125. Birika la umeme litatumia yuniti moja.

Kwa mwezi, na kwa bei zetu za mfano, inakuwa hivi:

- Jiko la bati: kilo 15 za mkaa, shilingi 18,000.
- Jiko la udongo: kilo 10 na nusu, shilingi 12,600.
- Gesi: kilo 3 na robo tatu, shilingi 15,000.
- Birika la umeme: yuniti 30, shilingi 10,500.

Watu wengi hushangaa kuona umeme mwishoni mwa orodha, kwa kuwa tumezoeshwa kwamba umeme ni wa anasa. Birika halipotezi joto jingi. Karibu lote linaingia kwenye maji, na likitokota linajizima. Kama yuniti zako ni za bei ya chini ya watumiaji wadogo, tofauti inaongezeka, ila angalia yuniti hizi 30 zisikusukume ukavuka kiwango cha bei hiyo.

Jiko la udongo nalo lina kisa cha kuwafundisha wanunuzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati mbadala uliofanyika Nairobi mwaka 1981, mafundi na wataalamu wa Kenya walichukua wazo la jiko la ndoo la Thailand wakalioanisha na jiko la bati walilolizoea. Majiko ya kwanza yalikuwa ghali na udongo wake ukapasuka. Lakini ufundi ulishuka mpaka kwa wahunzi wa jua kali wa Shauri Moyo, mafundi wakaongezeka, wakashindana, na bei ikaanguka. Mnunuzi hakupewa ruzuku. Alinunua kwa sababu gunia la mkaa lilidumu zaidi. Akiba ya mkaa ilitajwa kuwa kati ya asilimia 30 na 50. Leo, kikombe cha udongo kikipasuka, unakwenda kwa fundi wa mtaa uleule anakupachikia kingine. Huo ndio mtihani wa spana, na jiko hilo limeufaulu.

Kuna njia ya kupunguza gharama ambayo bibi zetu waliijua bila kikokotoo. Ugali ukiiva, mkaa unaobaki haumwagiwi maji. Sufuria ya maji ya kunywa inapanda juu yake. Ukichemshia makaa ya masalio, sehemu kubwa ya zile shilingi 18,000 inafutika. Ukiwasha jiko upya kwa ajili ya maji peke yake, unalipa yote na zaidi.

Udhaifu wa kuchemsha uko baada ya jiko. Maji yaliyopoa hayana kinga yoyote. Kikombe kimoja kilichochovywa na mkono usionawa kinarudisha ulichokiua kwa mkaa wa shilingi 600.

Njia ya pili: dawa ya klorini

Hapa bei inashuka ghafla. Kidonge cha kawaida kinachouzwa kwa ajili ya ndoo ya lita 20 hutiwa, maji yanakorogwa, yanafunikwa, na baada ya dakika 30 yananyweka. Tuseme kidonge ni shilingi 100 na unatia kimoja kila siku, hata kama mtakunywa nusu ya ndoo: mwezi mzima ni shilingi 3,000. Nusu nyingine ya ndoo oshea matunda na kachumbari, au wapigie watoto mswaki.

Faida yake kubwa ni ile ambayo moto hauna: dawa inabaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda. Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya waliigeukia katika miaka ya 1990, baada ya kipindupindu kulipuka Peru mwaka 1991 na kusambaa Amerika ya Kusini. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, na shirika la afya la mabara ya Amerika waliunganisha mambo matatu: klorini ya chupa, chombo salama cha kuhifadhia, na elimu. Kenya ilianza kuuziwa chupa za WaterGuard mwaka 2003.

Sasa sikiliza kilichotokea. Huko Busia, magharibi mwa Kenya, chupa iliyoitosha familia karibu mwezi mmoja iliuzwa kwa kama senti 30 za Marekani. Redio ilitangaza, watu waliijua, na wengi walikiri kwamba maji machafu yanaleta kuhara. Hata hivyo watafiti, miongoni mwao Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walikuta kaya zilizokuwa zikitia dawa ni chini ya asilimia 10. Walipoweka tangi la klorini bure palepale kisimani, ukizungusha vali dawa inaingia kwenye dumu lako kabla hujalitwika, kaya zilizokuwa na klorini kwenye maji zilipanda hadi kama asilimia 60.

Mnunuzi ajifunze nini? Senti 30 hazikuwa kikwazo pekee. Vingine vilikuwa kukumbuka kila siku, kusubiri nusu saa, na kwenda dukani chupa inapoisha. Kisimani hakuna cha kukumbuka. Tangi liko mbele ya macho yako na jirani anakutazama. Na dumu likipanda kichwani, safari ya kwenda nyumbani inakula sehemu ya nusu saa ya kusubiri.

Kasoro zake: harufu na ladha ambayo baadhi ya watu hawaivumilii. Ukiacha maji usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa, harufu hupungua. Maji ya tope huila dawa kabla haijafanya kazi, kwa hiyo yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa na ufuate kipimo cha maji machafu kilichoandikwa kwenye pakiti. Na kuna kimelea kimoja sugu, Cryptosporidium, ambacho klorini ya kiwango cha kunywa haikiui; moto unakiua.

Njia ya tatu: chujio la udongo

Chujio hili lina sura ya chungu cha maua kilichowekwa ndani ya ndoo yenye koki. Udongo wa mfinyanzi unachanganywa na pumba au unga wa mbao. Unapochomwa, pumba zinaungua na kuacha vitundu vidogo visivyoonekana, ambavyo maji hupita na wadudu wengi hukwama. Kisha chungu hupakwa madini ya fedha yanayosaidia kuua bakteria. Alilibuni Fernando Mazariegos wa Guatemala mwaka 1981. Baadaye shirika la Potters for Peace, kwa juhudi za Ron Rivera huko Nicaragua, liliwafundisha wafinyanzi wa nchi nyingi kulitengeneza, kwa udongo wao na tanuri lao.

Tuseme unalinunua kwa shilingi 80,000 na linadumu miaka miwili. Gawanya kwa miezi 24, unapata kama shilingi 3,300 kwa mwezi, karibu sawa na vidonge. Tofauti ni kwamba hizi unazilipa zote siku moja, na mwenye kipato cha siku kwa siku hana 80,000 za siku moja. Hapa chama cha kuchangiana cha kina mama kina maana kuliko punguzo lolote la dukani.

Ladha ya maji yake ni tamu, na yanapoa, sifa ambayo mtu wa joto la pwani hahitaji kuelezwa. Mwendo wake ni wa taratibu, lita 1 hadi 3 kwa saa, hivyo ukilijaza usiku na asubuhi lita 10 zinapatikana bila shida. Lisugue kwa brashi laini linapopunguza mwendo. Usitumie sabuni, kwa kuwa inaziba vitundu na kuharibu ladha.

Hatari yake ni ufa. Chujio lililopasuka linaendelea kutoa maji meupe, na mwenye nyumba anaendelea kuamini. Isitoshe, vitundu vyake vinazuia bakteria vizuri kuliko virusi, ambavyo ni vidogo zaidi. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali la spana: chungu peke yake kinauzwa? Kama jibu ni kwamba lazima ununue seti nzima upya, bei yake halisi si ile uliyotajiwa.

Njia ya nne: jua

Njia hii inaanzia kwa mtaalamu wa Beirut, Lebanon, Aftim Acra, ambaye mwaka 1980 yeye na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mwanga wa jua unaweza kuua vijidudu kwenye maji ya chumvi na sukari wanayopewa watoto wanaoharisha. Taasisi ya maji ya Uswisi, EAWAG, ilianza kuiendeleza mwaka 1991 na kuipa jina la SODIS.

Utaratibu ni huu: chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, iliyoondolewa karatasi, inajazwa maji meupe na kulazwa juani saa 6. Mawingu yakitanda, iache siku mbili. Kama maji yana tope, jua halipenyi; yachuje kwanza. Bati la paa linafaa kuliko ardhi kwa sababu linaongeza joto.

Gharama ni ya chupa tu. Kwa lita 10, chupa saba za lita moja na nusu ziko juani leo na saba nyingine zinanywewa. Jumla 14, nyingi zikiwa tayari zimetupwa mtaani. Je, zinafanya kazi? Huko Kajiado, watoto wa Kimasai walipewa chupa, wengine waziweke juani juu ya paa, wengine waziweke ndani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha kuhara kulipungua kwa waliotumia jua. Lakini Bolivia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kupungua kwa kuhara hakukuonekana waziwazi. Takriban theluthi moja tu ya kaya ndizo zilizokuwa zikianika chupa kweli.

Kuhangaika na chupa 14 kila siku, kupandisha saba paani na kushusha saba, ni kazi. Njia isiyo na bei inadai nidhamu kuliko zote, na familia yenye watoto wadogo na mtu mmoja wa kufanya kila kitu mara nyingi haina nidhamu ya ziada ya kutoa. Kwa mwanafunzi wa hosteli anayekunywa chupa mbili kwa siku, hiyo ni njia bora kabisa.

Chombo kinachoamua yote

Njia yoyote utakayochagua, nusu ya usalama iko kwenye chombo. Hapa nchini tuna kipaji cha kuchemsha maji vizuri na kuyamimina kwenye ndoo wazi yenye kata inayoelea. Ndoo yenye kifuniko na koki chini, au dumu lenye mdomo mwembamba usiopitisha mkono, ni kifaa cha afya sawa na dawa.

Watu wa Nyanza walitoa somo hapa. Mashirika yalipoleta mpango wa maji salama Homa Bay, yaliona kwamba kaya nyingi zinapenda mtungi wa udongo kwa kuwa unapooza maji, na haziko tayari kuuacha kwa ndoo ya plastiki. Badala ya kubishana nazo, wafinyanzi wanawake walitengeneza mtungi uleule ukiwa na mdomo mwembamba, kifuniko na koki. Watu wakaununua, tena kwa mafundi wao wenyewe.

Ambacho hakuna hata njia moja inayokiondoa

Hapa watu wengi hupoteza fedha. Njia hizi nne zinaua au kuzuia viumbe hai. Haziondoi chumvi wala madini. Maji ya kisima ya Dar es Salaam yenye chumvi yatabaki na chumvi hata ukiyachemsha mchana kutwa.

Na kwa wakazi wa Arusha, Meru, na sehemu nyingine za Bonde la Ufa hadi Nakuru, kuna floridi, ile inayowatia watoto meno ya kahawia na, ikizidi sana, kuharibu mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha kunaizidisha: maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki. Dawa ya nyumbani iliyofanyiwa kazi kwa miaka kwenye kituo cha Ngurdoto, Arusha, na pia na Jimbo Katoliki la Nakuru, ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huishika floridi mpaka uchoke na kulazimika kubadilishwa. Ukiishi huko, pesa yako ya kwanza nenda kapimie maji, kabla hujanunua kifaa chochote.

Na ukipewa bure?

Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Mashirika ya misaada yamebishana kwa miaka juu ya usemi huo bila kuujua: je, kitu cha bure hakithaminiwi?

Majibu yamekuja pande mbili. Kwa vyandarua, utafiti wa Jessica Cohen na Pascaline Dupas kwa kina mama wajawazito magharibi mwa Kenya ulionyesha kwamba kupandisha bei kutoka bure hadi kama senti 60 za Marekani kulishusha idadi ya waliochukua kwa alama 60 za asilimia. Waliopewa bure hawakuvitumia pungufu ya walionunua. Bure, hapo, haikuvunja upishi.

Upande wa pili kuna machujio ya LifeStraw Family. Mwaka 2011 yaligawiwa bure kwa karibu kaya 880,000 magharibi mwa Kenya, na gharama ikatarajiwa kurudi kwa kuuza hati za kupunguza hewa ya kaboni, kwa hoja kwamba watu hawatachoma tena kuni kuchemsha maji. Wakosoaji waliuliza: na wale ambao hawakuwa wakichemsha tangu mwanzo, kuni zao zilizookolewa ni zipi? Chujio lenyewe lilitengenezwa kusafisha lita 18,000, sawa na miaka mitatu ya familia kwa hesabu ya waliolitengeneza. Mwenye kupewa akabaki na swali letu la nne: lita 18,000 zikiisha, duka liko wapi?

Basi ukipewa kifaa, kipokee. Chandarua kinatundikwa leo na kazi yake inaanza usiku huohuo. Lakini kifaa chenye kuisha, kuziba au kuvunjika, muulize anayekigawa jina la duka la karibu linalouza kipuri chake. Akikosa jibu, kitumie kwa furaha huku ukijua tarehe yake ya mwisho, na usitupe birika.

Uamuzi wetu

Kwa mwaka, kaya yetu ya watu watano inatumia, kwa bei zetu za mfano: jiko la bati shilingi 216,000, gesi 180,000, jiko la udongo 151,200, birika la umeme 126,000, chujio la udongo 40,000, vidonge 36,000, jua, bei ya chupa.

Una umeme wa uhakika na mtoto mchanga au mgonjwa ndani? Birika, kisha ndoo yenye koki. Unaishi uswahilini, maji ni ya kununua kwa madumu na kipindupindu kinatajwa mtaani? Vidonge, viweke kando ya ndoo yenyewe, si kabatini, ili macho yakumbuke kwa niaba yako. Una akiba kidogo na maji yako ni meupe lakini huyaamini? Chujio la udongo, kwa sharti kwamba chungu cha ziada kinauzwa mjini kwenu. Uko peke yako chumba cha kupanga, jua kali, mfuko mwepesi? Chupa mbili juu ya paa. Unatumia jiko la bati na hutaki kubadili chochote? Badili jiko, akiba ya mkaa wa maji peke yake ni zaidi ya shilingi 5,000 kwa mwezi, na bado hatujahesabu mkaa wa maharage.

Na kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua ndoo yenye kifuniko na koki. Bila hiyo, njia zote nne zinaishia kwenye kata inayoelea.